Pera, Kidonge na Misuli Inayouma

(Mwalimu mmoja wa michezo alizungumza na wanafunzi wa sekondari wa Isevya, Tabora, siku chache kabla ya mchujo wa timu za UMISSETA. Tumeyaandika mazungumzo yake karibu kama alivyoyasema, ili na wewe msomaji uwe kama ulikuwepo.)

Mwangaluka! Haya, wale ambao wazazi wao wamehamishiwa hapa juzi kutoka pwani, jirani yako akufundishe kuitikia. Hamjambo nyote? Kaeni. Hata wewe unayesoma haya ukiwa Nzega, Urambo, Mtwara au popote, sogea kwenye benchi, nafasi ipo.

Nataka kuanza na kijana mmoja. Yuko kidato cha tatu, anakimbia mita 1500, na amenipa ruhusa nimseme bila kumtaja. Jana kwenye mazoezi alianza vizuri, mzunguko wa kwanza na wa pili yuko mbele. Wa tatu akaanza kulegea. Wa nne akasimama, akainama, akashika magoti. Nikamfuata. Nikadhani ni malaria. Nikamuuliza, mwanangu, mchana umekula nini? Akafungua begi akanionyesha kopo la vidonge, vile vikubwa vinavyochemka ukiviweka kwenye maji. Vitamini C, miligramu 1000 kila kidonge. Kwa wiki tatu nzima pesa anayopewa na mama yake ale kwa mama ntilie alikuwa anaiweka, ananunua hivyo. Kwa nini? Kwa sababu misuli ilikuwa inamuuma baada ya mazoezi, na aliyemuuzia akamwambia vinasafisha sumu ya misuli.

Mnacheka. Mimi sikucheka, maana nikakumbuka ni nani aliyemwanzishia habari hiyo. Ni mimi. Mwanzoni mwa muhula niliwaambia hapa hapa: "Kuleni matunda, yana antioksidanti, yanasaidia mwili kurudi katika hali yake baada ya mazoezi." Nikaishia hapo, nikapiga kipenga, tukaenda uwanjani. Nusu ya somo. Leo nimekuja kumalizia ile nusu nyingine, na naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ni ndefu.

Kwanza, hayo maumivu. Unakimbia Jumatatu, Jumanne ukiamka unashuka ngazi kama bibi mwenye miaka tisini. Jumatano ndiyo hatari zaidi. Halafu yanaisha yenyewe. Kila mwanamichezo anayajua. Wengi wenu mmeambiwa ni asidi ya laktiki imeganda kwenye misuli. Si kweli. Ile laktiki mwili huiondoa kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama; haiwezi kuwa ndiyo inayokuuma keshokutwa. Kinachouma ni kwamba nyuzi za msuli zimechanika, michaniko midogo sana isiyoonekana kwa macho, na mwili unapeleka mafundi kuitengeneza. Mafundi wakija, panavimba kidogo na panauma ukipagusa. Kwa kawaida maumivu hupanda kati ya saa 24 na 72. Na yanakuja zaidi pale msuli unapobeba uzito huku unanyooka, mfano kukimbia mteremko au kushuka baada ya kuruka. Ndiyo maana mchezaji wa netiboli aliyepumzika likizo nzima anaumia wiki ya kwanza kuliko wote.

Sasa jambo la kufurahisha. Ukirudia zoezi lile lile baada ya wiki moja, mbili, hayaumi kama mara ya kwanza. Msuli umejifunza. Wala hakuna aliyekuuzia kitu.

Antioksidanti zinaingia wapi? Mwalimu wenu wa kemia atawaambia kwamba elektroni hupenda kukaa wawili wawili. Molekuli ikibaki na elektroni moja isiyo na mwenzake inakuwa korofi, inapora elektroni ya jirani, na jirani naye anakuwa korofi. Hizo zinaitwa radikali huru. Ukipumua hewa ya oksijeni unazitengeneza. Ukikimbia unazitengeneza nyingi zaidi, kwa sababu misuli inachoma chakula kwa kasi. Antioksidanti ni kemikali inayokubali kutoa elektroni yake bila yenyewe kugeuka korofi. Vitamini C ni mojawapo, vitamini E nyingine, na zile rangi za matunda pia: njano ya embe na papai, na ile zambarau iliyoiva inayoacha ulimi wako kama umelamba wino.

Kwa hiyo hesabu ilionekana rahisi. Mazoezi yanaleta korofi, korofi zinaharibu, antioksidanti inatuliza korofi, basi kunywa antioksidanti nyingi upone haraka. Hata mimi niliamini hivyo. Kasoro yake ni kwamba watu walikwenda kupima, na majibu hayakuja hivyo.

Mwaka 2009 watafiti kule Ujerumani waliwafanyisha vijana wa kiume mazoezi kwa wiki 4. Nusu walipewa kila siku vitamini C miligramu 1000 pamoja na vitamini E, nusu hawakupewa vitamini hizo. Mazoezi yana faida moja kubwa: yanaufanya mwili uitikie vizuri insulini, ile homoni inayosimamia sukari. Wale wasiopewa vitamini walipata faida hiyo. Wale wa vitamini hawakuipata! Mwaka 2014 huko Norway wakafanya jaribio jingine, watu 54, wiki 11, na vidonge vya namna ile ile. Tukiwa wakweli, kwenye kukimbia pande zote mbili ziliongezeka nguvu karibu sawa. Lakini walipochukua kipande kidogo cha msuli na kukipima, dalili za kuongezeka mitokondria, zile jiko za seli mlizosoma kidato cha kwanza, zilionekana kwa wale wasiokunywa vitamini.

Maana yake nini? Maana yake zile korofi si wezi tu. Ni tarishi pia. Zinaupelekea mwili barua: "Bwana, leo tumezidiwa, jenga zaidi." Ukizinyamazisha zote kwa kidonge kikubwa, barua haifiki. Umefanya mazoezi, umetoka jasho, halafu umelipa pesa kuuzuia mwili usijifunze.

Na maumivu je? Mwaka 2017 yalitoka mapitio makubwa yaliyokusanya majaribio 50, jumla ya watu 1,089, kuhusu swali hilo hilo: antioksidanti za kuongeza, vidonge, unga, juisi nzito, zinapunguza kuuma kwa misuli? Jibu: kama zinapunguza, ni kidogo mno kiasi kwamba mtu mwenyewe hawezi kuuhisi huo unafuu. Akina dada, sikilizeni na hili. Katika hao 1,089, wanawake walikuwa 128 tu. Kwa hiyo muuzaji akija na bango lenye picha ya msichana anaruka viunzi, mwulizeni kwanza alimpima nani.

Sasa nisije nikafanya kosa lile lile la nusu somo. Yapo majaribio yaliyoleta majibu mazuri, na mengi yake ni ya tunda lenyewe au juisi yake. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya wakimbiaji 20 wa mbio za London Marathon. Wengine walikunywa juisi ya cheri chachu kwa siku 5 kabla ya mbio, siku yenyewe, na siku 2 baadaye. Wengine walikunywa kinywaji cha kufanana nacho tu. Wale wa cheri nguvu za miguu zilirudi mapema zaidi. Mwaka 2012 huko New Zealand wanawake 10 walipewa kinywaji cha matunda ya buluberi, nao nguvu zikarudi haraka kidogo. Watu 20, watu 10. Ni wachache, lakini ni kitu.

Cheri hapa Isevya hatuna, na siwezi kusimama hapa nikawaambia zambarau ya nyuma ya bweni itafanya kazi hiyo kwa sababu tu rangi zao ni ndugu. Rangi moja haitoshi kuwa ushahidi. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba tunda halimpi mtu miligramu 1000 za kitu kimoja. Linakupa kidogo cha hiki, kidogo cha kile, na maji, na sukari ambayo msuli wako unaidai, na nyuzi za kusaidia tumbo. Na hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba embe linauzuia msuli kujifunza.

Haya, twende kwenye hesabu ya pesa, maana hapo ndipo kijana wangu aliumia. Kiwango cha vitamini C kinachopendekezwa Marekani kwa kijana wa miaka 14 hadi 18 ni miligramu 75 kwa siku kwa mvulana na 65 kwa msichana. Nchi nyingine zinataja pungufu ya hapo. Pera lililoiva, gramu 100 tu, lina zaidi ya miligramu 200. Pera moja! Chungwa moja la wastani lina kama 70. Papai gramu 100 lina kama 60. Embe ni pungufu, kama 36 kwa gramu 100, lakini nani kati yenu anakula gramu 100 za embe akaacha? Kidonge cha 1000 kinakupa zaidi ya mara kumi ya unachohitaji, na mwili hauna ghala la kuiweka. Figo zinaitoa. Unakojoa pesa ya mama yako. Wengine wanaongezewa na kuharisha.

Nikamuuliza yule kijana, nyumbani kwenu hamna mti wa matunda? Akasema upo mpera, ila mapera yanaanguka, wanakula ndege. Mwalimu unajisikiaje hapo?

Kuna mtu hapa nyuma ananiambia ubuyu. Naam, ubuyu. Ule unga mweupe unaozunguka mbegu una vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzito, tena mara kadhaa, ingawa inategemea mti na jinsi ulivyohifadhiwa. Lakini angalieni mambo mawili. Ule wa rangi nyekundu uliopikwa na sukari ni pipi. Kula kama pipi. Na ukitaka juisi, usiuchemshe ubuyu wenyewe, maana moto unaua vitamini C. Chemsha maji, yaache yapoe, ndipo uloweke na kukoroga. Kuchemsha maji usiruke hata siku moja. Kipindupindu hakijali una antioksidanti ngapi.

Ukwaju mnaupenda, na mimi naupenda. Ila uchachu usiwadanganye. Uchachu wa ukwaju unatokana na asidi ya tartariki. Vitamini C yake ni ndogo sana. Kunywa kwa kiu na kwa utamu, basi.

Halafu kuna matunda yetu ya miombo. Mbula, furu, ntalali, matonga. Baadhi yenu wa mjini mnayaonea aibu, mnasema ni ya watoto wachunga ng'ombe. Pale Tumbi, nje kidogo ya mji huu, watafiti wa kilimo pamoja na shirika la ICRAF walikaa miaka wakiishughulikia miti hiyo ya porini, namna ya kuipanda na kuibebesha, na akina mama wa vijijini wakafundishwa kutengeneza juisi na jamu. Watu wamesoma mpaka shahada juu ya tunda ambalo wewe unalipita ukienda kununua soda.

Na miembe! Hii miembe mikubwa ya huku kwetu, ya Kwihara na barabara ile ya zamani ya kwenda Ujiji, si ya porini. Mwembe ulitoka Asia, ukaja pwani, ukapanda bara pamoja na misafara ya karne ya 19. Hapa mjini ndipo njia zilipogawanyika, moja inakwenda Ujiji kwenye ziwa Tanganyika, nyingine inapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, wakapaita Kazeh. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872. Wengi mmepelekwa kuona ile nyumba, mkapiga picha mlangoni. Lakini mara ngapi mmeambiwa habari za waliobeba mizigo?

Waliobeba wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zenu. Kuna misafara ya watumwa, hiyo ni historia nyingine na ya kuumiza, siichanganyi hapa. Nasema wapagazi wa kulipwa. Mzigo mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, kichwani au begani, kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Safari ya miezi. Hata utani wetu na watu wa pwani unatokana na njia ile. Ukisoma wasafiri walivyoandika, utaona jambo ambalo kocha yeyote angelipenda. Waliondoka alfajiri. Saa tano, saa sita mchana walikuwa wameshatua mizigo, wanapika, wanapumzika. Kutembea tena mchana kuliitwa tirikeza, na hawakufanya hivyo kwa kupenda. Ilikuwa ni pale ambapo maji yako mbali, kama kule Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na huku. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku. Posho ikikosekana, mpagazi alilala njiani au alitoroka, wala hakuna aliyemshangaa. Watu wale walijua kwamba mguu unakwenda kwa kibaba.

Kijana wangu wa mita 1500 alikatwa kibaba. Tena amejikata mwenyewe.

Mwaka jana, nasema 2025, mwezi wa Septemba, Alphonce Simbu wa Singida, jirani zetu hapa, alishinda marathoni ya dunia kule Tokyo. Saa 2, dakika 9, sekunde 48, na Mjerumani aliyekuwa wa pili akapewa muda ule ule, wakatofautiana kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kesho yake asubuhi wanafunzi watatu walikuja ofisini: "Mwalimu, anakunywa nini?" Hakuna aliyeuliza anakula nini!

Chakula cha wakimbiaji wa Afrika Mashariki kimeshaandikwa. Mwaka 2002 ilichapishwa taarifa ya vijana 12 Wakalenjini wa Kenya, wakimbiaji, umri kama wenu. Walikula nini? Mahindi na maharage kwa wingi. Ndiyo, kande. Hicho mnachokilalamikia bwenini. Mwaka 2004 ikatoka nyingine, ya wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu kabisa. Zaidi ya robo tatu ya nguvu walizopata kwa siku zilitoka kwenye vyakula vya wanga: ugali, wali, viazi, chai yenye maziwa na sukari. Na walikuwa na tabia ya kula ndani ya saa moja baada ya mazoezi. Saa moja! Nyinyi mkimaliza mazoezi saa kumi na mbili mnakwenda kuoga, mnapiga soga, mnaingia prepo, chakula mnakikuta kimepoa.

Msuli uliochoka ni kama gari lililoishiwa mafuta na tairi limetoboka. Wanga ndio mafuta, protini ndiyo ya kuziba tairi. Na hapa Tabora tumejaliwa. Matobolwa! Viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, vinakaa mfukoni bila kuharibika. Au michembe, kama kwenu mnapika michembe. Ongeza karanga kiganja kimoja, ila zile zilizoota ukungu tupa kabisa, usizioshe ukazikaanga, sumu yake haitoki kwa moto wa jikoni. Mwenye asali atie asali. Mtindi kikombe kimoja kama upo. Halafu pera au chungwa. Nani atawauzia kitu kizuri kuliko hicho? Wakenya wenyewe wangekuja kutuomba.

Kulala nako. Umri wenu unataka saa 8 hadi 10 za usingizi. Wa bweni mnaamshwa saa kumi na moja, najua, na siyo mimi ninayepanga kengele. Lakini yule anayesoma riwaya kwa tochi mpaka saa sita usiku, asinililie kwamba misuli haiponi.

Akina dada, kuna jambo lenu ambalo nalisema waziwazi kwa sababu nimeliona mara nyingi. Msichana anachoka kupita kiasi, moyo unamwenda mbio kwenye mzunguko wa kwanza, anaona giza akisimama ghafla. Anaambiwa mvivu. Au anaambiwa anunue vitamini. Mara nyingi shida ni damu. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100, wenye miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Karibu nusu! Hedhi inatoa madini ya chuma, malaria inaharibu damu, minyoo nayo inakula sehemu yake. Nenda zahanati upimwe, ni tone moja la kidole. Na hapa ndipo vitamini C inafanya kazi isiyo na ubishi: inasaidia tumbo kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage, mchicha na matembele. Lakini lazima viingie pamoja. Tunda lako lile pamoja na mlo, usilitunze la kutafuna njiani. Na chai ya rangi isubiri saa moja, mbili, maana ikinywewa na chakula inazuia chuma kisifyonzwe. Wavulana mnaonicheka, na nyinyi mna damu.

Jambo la mwisho kabla ya maswali, na hili si la mzaha. Kuna msichana, mlinda goli wa netiboli, si wa mwaka huu, aliyecheza mashindano yote akimeza diklofenaki kabla ya kila mechi ili kifundo cha mguu kisiume. Alinunua dukani kama anavyonunua pipi. Kifundo kiliendelea kuharibika kwa sababu hakuwa anasikia kikilia. Dawa za namna hiyo, diklofenaki na ibuprofeni, zinaweza kutoboa tumbo, na ukizimeza huku umekaukiwa maji kwenye jua la Tabora unaziumiza figo. Usimeze ili ucheze. Ukiumwa kiasi cha kuhitaji dawa, hiyo siku si ya kucheza.

Na mjue maumivu ya kawaida na yasiyo ya kawaida. Ya kawaida yako pande zote mbili, yanakuja kesho yake, yanapungua siku ya tatu. Ukisikia maumivu makali pale pale, mahali pamoja, au kiungo kimevimba, simama. Ukiwa na homa, hiyo si misuli, kapime malaria. Na ukikojoa mkojo wa rangi ya kahawia, kama chai ya rangi au kama soda nyeusi, baada ya mazoezi makali, usingoje asubuhi, usimwambie rafiki akupe kidonge. Misuli imevunjika sana na uchafu wake unaziba figo. Mwambie mwalimu wa zamu, twende hospitali usiku huo huo. Hutasemwa. Ukiwa na selimundu, au kwenu wapo wenye selimundu, niambieni mapema, nipange mazoezi yako na maji yako.

Maswali sasa. Huyo wa dirishani.

"Mwalimu, na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu?" Sukari na kafeini. Vinakuchangamsha, havikurudishii msuli, na usiku hulali. Pesa hiyo inanunua matobolwa ya siku tatu. Mwingine.

"Je, juisi ya dukani ya pakiti?" Soma ubavuni. Nyingi ni maji, sukari na rangi, na embe amepita hapo kusalimia tu. Tunda zima ni bora.

"Kama huna matunda kabisa nyumbani?" Swali zuri, na usione aibu kuliuliza. Mboga za majani zina vitamini C pia: matembele, mchicha. Usizichemshe mpaka ziwe kama nyasi za punda, na maji yake usiyamwage, kunywa mchuzi. Nyanya mbichi kwenye kachumbari. Pilipili hoho. Wakati wa maembe, Novemba na Desemba, hakuna mtu wa Tabora wa kusema hana tunda.

"Mwalimu, embe bichi la chumvi na pilipili linahesabika?" Ha! Linahesabika. Bichi linaweza kuwa na vitamini C hata kuliko lililoiva. Lioshe. Na usile kabla ya kukimbia, utanirudishia uwanjani.

Yule wa mita 1500, simama tu hapo ulipo, usije mbele. Mchujo ni Jumamosi, leo Jumanne. Nimeongea na mama yako. Mchana unakula kwa mama ntilie pale karibu na lango, wali maharage, na nitapita kuona sahani. Mapera kutoka nyumbani ulete ndoo nzima, timu ipo. Kopo lako liko kabatini kwangu, vimebaki vidonge sita. Sijui nikupe ukamrudishie muuzaji au niviweke hapo mezani kwa somo la kemia. Haya, viatu. Leo ni mizunguko sita, ya polepole.